Je, Kutojua ni Udhuru? Neno juu ya Dhamana ya Mwenye Kuchagua Mashine

Mashine haina dhamiri. Haioni haya, haiogopi hukumu, wala haiombi radhi. Ikitenda vema haistahili sifa, na ikiharibu haistahili lawama. Kwa sababu hiyo, kila mara mashine inapokosa, lawama hutafuta mwanadamu wa kumkalia. Wapo wamlaumuo aliyeiunda, wapo wamlaumuo aliyeiendesha, na wapo wamlaumuo aliyeichagua. Katika insha hii namtazama huyu wa tatu: mtu aliyepewa mamlaka ya kuchagua chombo kwa niaba ya watu wengi ambao wenyewe hawakupata nafasi ya kukichagua. Chombo hicho kikishindwa, na watu wakapata hasara, je, aweza kujitetea kwa neno moja, "Sikujua"?

Swali hili lilikuwapo kabla ya kompyuta, lakini kompyuta imelifanya kuwa swali la kila siku. Tuutazame mji wa Dodoma. Ulichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na kwa miaka mingi ukawa makao makuu kwa jina, ofisi nyingi zikiendelea kukaa Dar es Salaam. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia kwa dhati. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Na wizara zikajengewa majengo Mtumba. Walakini majengo ni ganda tu. Kazi yenyewe ya Serikali siku hizi hupita katika mifumo ya kompyuta. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki, na tangu hapo mkulima anayelipia kiwanja na mwanafunzi anayelipa ada wote wamejifunza kuuliza, "Kontrol namba iko wapi?" Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ikashika nafasi ya Wakala uliofanya kazi hiyo tangu mwaka 2012. Wafanyabiashara nao wamo katika njia hiyo hiyo: benki, vyama vya kuweka na kukopa, wenye mabasi, na wasindikaji wa zabibu. Mfumo ukisimama, mlango wa ofisi waweza kuwa wazi na mtumishi yupo kitini pake, lakini kazi haipo.

Katika kila taasisi ya namna hii yupo mtu ambaye umma haumjui, aitwaye mkuu wa TEHAMA, yaani wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Juu yake wako wakurugenzi wanaojua wanachokitaka lakini hawajui chombo kinaweza nini. Chini yake wako mafundi wanaojua chombo kinaweza nini lakini hawajui wakubwa wanataka nini. Yeye amesimama katikati kama mkalimani. Huwashauri wakubwa wanunue nini, waache nini, waanze lini, na wajiandae vipi kwa siku ya hitilafu. Wakati mambo yanapokwenda vizuri hakuna amkumbukaye. Na wakati mambo yanapokwenda vibaya hakuna amsahauye. Uongozi wake ni mgumu kwa kuwa ana dhamana ya jambo ambalo waliomwajiri hawawezi kulipima kwa macho yao.

Ili kuupima wajibu wa mtu huyu sitaanza na kompyuta. Nitaanza na trekta, kwa sababu kosa la trekta limekwisha kutendeka, hesabu yake imefungwa, na wote walioamua wamekwisha kuondoka duniani. Tena kosa hilo lilitendeka papa hapa katika uwanda wa kati, mashariki ya Dodoma, mahali ambapo leo gari hufika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Nasema juu ya karanga za Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na dhiki ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipeleka kwa serikali ya London shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ilituma tume ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Tume ilimaliza safari yake kwa majuma tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka katika ndege. Walirudi na hesabu nzuri iliyonyooka: eka 3,210,000, zigawanywe mashamba 107, kila shamba eka 30,000, kazi ya miaka sita, gharama pauni milioni 24 hivi. Sehemu kubwa ya eka hizo ingekuwa Tanganyika, na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliutetea mpango huo bungeni, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia.

Kwa mwaka wa kwanza, yaani 1947, zilitazamiwa eka 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Matrekta yalitafutwa kila pembe ya dunia, na mengi yalikuwa masalia ya jeshi yaliyonunuliwa Ufilipino, yamechakaa kabla hayajaanza kazi. Baadaye vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa, ambavyo kutoka angani vilionekana kama zulia, vilikuwa na mizizi iliyovunja majembe. Udongo wenyewe ulikuwa na tabia mbili: wakati wa mvua hulainika, na mvua ikiisha hukauka ukawa kama tofali, ukazishika karanga zisiweze kuchimbuliwa. Kisha mvua yenyewe ikapungua. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyoandikwa katika vitabu ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36.

Haya ni masimulizi yanayojulikana na wengi, na aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Mimi nayasimulia kwa ajili ya neno moja lililokuwa kinga ya wakubwa wa mpango ule: kwamba hapakuwa na maarifa ya kutosha juu ya Kongwa, kwamba vipimo vya mvua vilikuwa vichache, na kwamba hakuna ambaye angeweza kujua. Je, ni kweli?

Ni kweli kwamba vitabu vilikuwa vichache. Lakini maarifa hayakai katika vitabu tu. Wenyeji wa nchi ile ni Wagogo, na mtu aliyetaka kujua mvua ya Ugogo angetazama Mgogo anapanda nini. Angeona mtama na uwele, mazao yanayovumilia kiu. Angeona ng'ombe wengi kuliko mashamba, kwa kuwa ng'ombe ana miguu ya kuifuata mvua, na shamba halina. Angesikia habari za Mtunya, njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na vita pamoja na ukame, ambayo wazee wa mwaka 1946 walikuwa bado wanaikumbuka kwa majina ya ndugu zao waliokufa. Mwendo mfupi kutoka Kongwa, katika mji wa Mpwapwa, palikuwapo kituo cha Serikali cha uchunguzi wa mifugo. Hata watu wa vyeti na maabara hawakuwa mbali. Mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini hakuna mkulima aliyepata kunyeshewa na wastani. Hunyeshewa na mvua ya mwaka wake, na katika Ugogo mwaka mmoja si ndugu wa mwaka mwingine.

Jambo moja zaidi linanishangaza kuliko yote. Moja katika sababu zilizowapendeza wapangaji ni kwamba eneo lile lilikuwa na watu wachache, kwa hiyo ardhi ilikuwa tele na wa kuhamishwa hawakuwa wengi. Waliusoma utupu ule kama nafasi. Haikuwapitia kwamba utupu nao ni ushahidi. Nchi ya Mola ni pana, na watu walikuwa wameishi katika uwanda huu kwa vizazi vingi. Ikiwa mahali fulani hawakujaa, basi miguu yao ilikuwa imekwisha kutoa jibu juu ya maji ya mahali pale. Jibu lilikuwa limeandikwa juu ya ardhi kwa herufi kubwa, lakini msomaji alikuwa ndani ya ndege.

Hapa ndipo tunapoweza kuligawa neno "sikujua". Kutojua kuna namna tatu. Kwanza, kuna kutojua kusikoepukika: jambo ambalo hakuna mtu wa wakati ule angeweza kulijua. Huku ni udhuru kamili, na mwenye kumhukumu mtu kwa jambo hilo ni dhalimu. Pili, kuna kutojua kwa uvivu: jambo lilikuwa linajulikana, bali mhusika hakuuliza. Huku ni kosa, ingawa ni kosa linaloweza kusahihishwa, kwa maana mvivu aweza kuamshwa. Tatu, kuna kutojua kwa kupenda: mhusika alihisi kwamba akiuliza atapata jibu litakalomzuia, kwa hiyo akapanga mambo yake asiulize, au akapanga watu wake wasimwambie. Huku si kosa la akili tena. Ni kosa la nia, limevaa nguo za akili.

Wenye hekima wa kale waliliona jambo hili. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anatofautisha kutenda kwa sababu ya kutojua na kutenda huku mtu akiwa amejitia mwenyewe katika hali ya kutojua. Anakumbusha kwamba mlevi aliyekosa aliwahi kupewa adhabu maradufu, kwa kuwa chanzo cha kutojua kwake kilikuwa mkononi mwake: aliweza kutolewa. Na mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford alitoa mfano wa mwenye merli iliyozeeka aliyekuwa karibu kuipakia abiria. Shaka ilimwingia moyoni, naye akaisukuma nje taratibu kwa kujikumbusha safari nyingi ambazo merikebu ile imerudi salama, hata akaamini kweli kwamba ni nzima. Ikazama. Clifford anasema mtu yule ana hatia, na ukweli wa imani yake haumwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Kisha anaongeza neno zito: hata kama merikebu ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile, ila isingegunduliwa. Watu wa pwani yetu wataelewa upesi. Nahodha asiyekagua mbao za jahazi lake hasafishwi na bahari tulivu.

Hapana budi niwasikilize watakaonipinga, kwa kuwa wana hoja. Watasema: njaa ya mafuta ilikuwa ya kweli, na haraka ilikuwa na sababu. Watasema tena: kila jambo jipya hufanywa bila uhakika, mtu akingoja ajue yote hatapanda mbegu hata moja, na mkuu wa TEHAMA akingoja mfumo usio na dosari atastaafu na daftari mkononi. Nakubali. Uongozi bila ujasiri ni ukarani tu. Lakini kuna ujasiri, na kuna kamari. Mjasiri akiwa hana uhakika hupanda shamba dogo, hungoja mvua moja au mbili, kisha huamua. Mcheza kamari akiwa hana uhakika huongeza dau, ili ukubwa wa jambo uwazibe watu midomo. Pale Kongwa wangeweza kuanza na eka mia chache. Hasara ingelikuwa ndogo, na ardhi ingelijibu kwa gharama ya msimu mmoja. Tena tofauti kubwa kuliko zote ni hii: mjasiri huhatarisha kilicho chake, na mcheza kamari wa serikali au wa kampuni huhatarisha cha wengine. Anayeweka rehani cha wengine hana ruhusa ya kutojua ambayo angekuwa nayo katika cha kwake.

Sasa twaweza kutoka katika trekta tukaja katika kompyuta, na mfano wa karibu ni umeme. Wengi wetu hununua umeme kwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mtu hulipa kwa simu, hupokea tarakimu ishirini, huziingiza katika mita, na taa huwaka. Mwezi Mei 2021 mfumo wa mauzo ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu sehemu nyingi za nchi walikuwa na fedha mkononi na giza nyumbani. Mchomeleaji alikaa mbele ya mashine yake baridi. Mwenye kinu cha kusaga aliwarudisha watu na mahindi yao. Kinyozi alifunga duka mchana. Waziri aliyekuwa na dhamana ya nishati wakati ule aliagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika la umeme wasimamishwe kazi.

Sitaki kuwa hakimu wa maofisa wale wala wa waziri yule. Nalitazama jambo lenyewe, kwa kuwa hutokea katika nchi zote na katika kampuni nyingi ambazo habari zao hazifiki magazetini. Mfumo ukianguka, mtu wa mfumo huondolewa, umma hupumua, na kila mtu huona kwamba haki imetendeka. Lakini adhabu ya namna hiyo yaweza kuwafundisha waliobaki mojawapo ya masomo mawili. La kwanza husema: "Tengeneza chombo kabla hakijaharibika." La pili husema: "Chombo kikianza kuharibika, usiwe wewe wa kwanza kusema." Maneno ya adhabu ni yale yale, masomo yamepishana kama mchana na usiku. Ni lipi litakaloshika mioyo ya watumishi? Hilo haliamuliwi siku ya hitilafu. Huamuliwa na mwenendo wa mkubwa katika siku zote za salama zilizotangulia.

Na tuufikirie mkutano ambao kila mtumishi wa ofisi amekwisha kuuona, katika taasisi yoyote. Mkuu wa TEHAMA anasema kwamba nakala za akiba zinahifadhiwa, lakini haijajaribiwa hata mara moja kama zaweza kurudishwa. Kwamba mkataba wa matengenezo umekwisha. Kwamba mtu mmoja tu ndiye ajuaye jinsi seva ilivyofungwa, naye anakaribia kustaafu. Mkurugenzi anakunja uso. "Bwana," anasema, "sisi hapa hatutaki matatizo, tunataka majibu." Wajumbe wanacheka kidogo. Mkuu wa TEHAMA anakaa chini. Robo ya mwaka inayofuata analeta taarifa yenye rangi ya kijani kila safu, na anapongezwa. Mwaka wa tatu mfumo unaanguka. Mkurugenzi anasimama mbele ya bodi na kusema, "Sikuambiwa."

Anasema kweli, hakuambiwa. Lakini ni nani aliyefanya asiambiwe? Kiongozi aliyefanya ukweli kuwa ghali amejinunulia kutojua kwake mwenyewe, na bidhaa hiyo hawezi kuileta mbele ya watu kama udhuru. Yeye ni yule mlevi wa Aristotle: chupa ilikuwa mkononi mwake. Mithali yetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mithali hiyo ni ya kweli, lakini katika zama za mashine yapasa tuisome pia kwa upande wa pili. Mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu, na uchungu wake ni kwamba mara nyingi guu linalovunjika si lake. Wakubwa wa London hawakulala njaa kwa ajili ya Kongwa.

Nimemlaumu mkubwa, sasa haki inanitaka nimgeukie mtaalamu, kwa kuwa naye ana sehemu yake, na si ndogo. Mtaalamu ana njia tatu za kunyamaza. Njia ya kwanza ni kufunga mdomo kwa hofu, na hiyo yaeleweka, maana ana watoto wa kusomesha. Njia ya pili ni kupenda upya kwa ajili ya upya: kumshauri mwajiri anunue kilicho cha kisasa kwa kuwa yeye mwenyewe anataka kukijifunza, akanyamaza kuhusu kile cha zamani ambacho kingetosha. Njia ya tatu ndiyo inayonihusu zaidi mimi niliyepewa kazi ya lugha. Ni kunyamaza kwa kusema. Mtaalamu huandika taarifa ya kurasa arobaini, imejaa vifupisho na maneno ya kigeni, na mahali fulani katika ukurasa wa thelathini na moja ametaja hatari kwa sentensi ambayo mjumbe wa bodi hawezi kuielewa hata akiisoma mara tatu. Siku ya hitilafu huufungua ukurasa ule na kusema, "Niliandika." Kuandika aliandika, kuambia hakuambia. Neno lisiloweza kueleweka na anayepaswa kuamua ni sawa na neno lisilosemwa, na tena lina dhambi moja zaidi, kwa sababu limewekwa pale ili limlinde msemaji wala si ili limsaidie msikilizaji.

Basi, mtaalamu mwaminifu ana wajibu wa kusema kwa lugha ya wazi, mapema, na kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua: "Jambo hili likifanywa hivi, watu hawa watapata hasara hii, na itakuwa siku kama hizi." Sentensi moja ya namna hiyo, katika Kiswahili ambacho mhasibu na dereva wanakielewa, ina thamani kuliko mkoba wa michoro. Akiisha kuisema na mkubwa akaamua vingine, mzigo umehama. Kabla hajaisema, mzigo ni wake, hata kama cheo chake ni kidogo.

Ili nisionekane kwamba nahubiri jambo lisilowezekana, nitoe mfano mmoja wa kinyume, nao unatoka katika mita zile zile za umeme. Mita nyingi za kulipia kabla, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi, hufuata kanuni moja ya kimataifa. Kanuni hiyo ilikuwa ikitia muhuri wa wakati katika kila tokeni kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikurekebishwa kabla ya hapo isingepokea tena umeme mpya. Waliotunga kanuni walikuwa wamechagua kikomo, kama kila mtunga chombo achaguavyo. Lakini kikomo hicho hakikufichwa. Kilijulikana, tarehe yake ikajulikana, na mwaka 2024 shirika la umeme likawatangazia wateja wake mapema, kanda baada ya kanda. Mteja aliponunua umeme alipewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini; mawili ya kwanza ya kuirekebisha mita, na la tatu la umeme wenyewe. Bibi mmoja kijijini aliweza kusomewa tarakimu zile na mjukuu wake, na kazi ikaisha kwa dakika chache mlangoni.

Tulinganishe mambo haya mawili. Udongo wa Kongwa ulikuwa na kikomo, na mita zilikuwa na kikomo. Kikomo cha kwanza kilikuwa kinajulikana na watu ambao hakuna aliyewauliza, kikaleta hasara ya mamilioni. Kikomo cha pili kilisemwa kabla ya siku yake, kikawa kazi ya dakika chache. Hakuna chombo kisicho na kikomo, na mnunuzi anayetafuta chombo cha namna hiyo atauziwa uongo. Kinachomtenga kiongozi mwema na mbaya ni kama katika nyumba yake kikomo chaweza kutajwa kwa sauti bila mtu kuumia.

Kwa hiyo narudi katika swali langu. Kutojua ni udhuru kwa mtu aliyefungua milango yote ya kujua, akauliza wenyeji na wataalamu, akajaribu kwa kidogo, akawalinda waliomletea habari mbaya, na bado akapatwa na jambo lililofichika. Mtu huyo akisema "sikujua" yapasa tumwamini, tumpe pole, na tumwache aendelee na kazi, kwa maana tukimwadhibu tutakuwa tumewafundisha wenzake kujificha. Lakini kwa mtu aliyezifunga njia hizo, kwa haraka yake, au kwa kiburi chake, au kwa uso wake uliokunjwa, neno "sikujua" halimtetei. Ni ungamo.

Naandika haya nikiwa Dodoma, ambako kila mwaka vijana huhitimu masomo ya kompyuta, na wengi wao watakuja kuwa wakuu wa mifumo ya benki, ya halmashauri na ya wizara. Tunawafundisha kuunda na kuendesha, na ni vema. Sina hakika kwamba tunawafundisha vya kutosha kusema "hapana" kwa heshima mbele ya mkubwa, wala kwamba tunawafundisha wakubwa wa kesho kulipokea neno hilo bila kumchukia aliyelisema. Mtaala wa hayo hauhitaji maabara. Waweza kuanza kwa safari ya siku moja hadi Kongwa. Huko leo kuna ranchi ya ng'ombe. Baada ya matrekta yote yale, nchi imerudia kazi ambayo Mgogo aliijua tangu zamani kwamba inaifaa, na ambayo angeliwaambia wageni wake mwaka 1946, bila malipo, kama wangeshuka wakamwuliza.